Sahihi Mbili

Lugha yetu inalo neno moja kwa mambo mawili. Alama ambayo mtu huiandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya waraka huitwa sahihi, na hesabu isiyo na kosa husemwa kuwa ni sahihi. Asili ya neno hili ni Kiarabu, nako lina maana ya uzima na ukweli. Kwa hiyo mtu atiaye sahihi yake, apende asipende, hutamka mambo mawili kwa mara moja: kwamba mimi ndimi, na kwamba haya ni kweli. Swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji, linahusu sahihi mbili zilizo chini ya kazi moja. Watu wawili wakiandika kitabu kimoja, kila mmoja wao amekiri nini? Amekiri nusu yake, ama amekiri kitabu kizima?

Tuseme vijana wawili wamepanga chumba kimoja Katelembo, si mbali na mji wa Machakos, ambao tangu mwaka 2016 una chuo kikuu chake chenye hati kamili. Katika baadhi ya idara za vyuo vikuu wanafunzi wa shahada ya kwanza huruhusiwa kuandika tasnifu wawili wawili, na hawa wameruhusiwa. Wamechagua kuchunguza matuta ya mteremko mmoja: maji kiasi gani hupotea mvua inaponyesha, na udongo kiasi gani huchukuliwa na maji hayo. Mmoja, ambaye nitamwita mpimaji, alipewa kazi ya shambani. Mwenziwe, ambaye nitamwita mwandishi, alipewa kazi ya hesabu na maandishi. Miezi tisa imepita na zimebaki siku nne. Usiku hawalali, muthokoi umepoa katika sufuria, kompyuta ni moja na macho ni manne, na fundi wa kujalidi vitabu mjini amekwisha kusema kuwa asiyeleta karatasi zake kabla ya Ijumaa asimlaumu mtu. Hapo ndipo mwandishi anapogundua kuwa majuma mawili ya Novemba hayamo katika daftari.

Novemba katika Ukambani si mwezi wa kuchezea. Mvua za vuli, zianzazo Oktoba, ndizo ambazo wakulima wengi wa huko huzitegemea zaidi kuliko zile za masika. Kuandika habari za matuta ukaacha majuma mawili ya Novemba ni sawa na kueleza jahazi ukasahau tanga. Mpimaji anakiri kuwa hakwenda shambani. Pengine aliugua, pengine alichoka. Sababu haidhuru kwa sasa. Lakini analo shauri. Mvua ya majuma yale, asema, haikuwa mbali na ya majuma yaliyofuata. Na waandike tarakimu zinazokaribiana, wala hapana mtu duniani atakayejua.

Katika hilo la mwisho anasema kweli. Hapana atakayejua. Nimeuweka mfano hivyo kwa makusudi, kwa sababu hadithi ambayo mwongo hukamatwa mwishoni haifundishi uadilifu; hufundisha hofu tu, na mwenye hofu huacha uovu mpaka atakapoona mlango haulindwi. Tulitazame jambo lenyewe pasipo askari mlangoni.

Jibu jepesi la mwandishi ni hili: “Tarakimu ni zako, nami nilipewa kazi ya kuandika. Kila mtu atajibu kwa sehemu yake.” Jibu hili lina sura ya haki, na katika mambo mengine ni haki kweli. Katelembo yenyewe ni jina linalojulikana kwa ushirika. Limeunganishwa na Athiani na Muputi katika jina la chama kimoja cha ushirika cha kilimo na ufugaji. Ardhi ya ushirika inaweza kupimwa kwa mnyororo na kugawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na mawe ya mpaka. Mwenye kulima vibaya hapa hamharibii hati aliye kule. Je, tasnifu nayo yaweza kuwekewa mawe ya mpaka?

Fuata safari ya tarakimu moja ya uongo uone. Inazaliwa katika daftari, inahamia katika jedwali, na hapo ingali yaonekana. Kisha inajumlishwa na nyingine ili wastani upatikane, na tangu hapo haionekani tena, maana imekuwa kama chumvi katika mchuzi. Wastani unachora mstari. Mstari unatoa hoja. Hoja inatoa shauri kwa mkulima achimbe mtaro wake kwa kina gani. Maneno ya shauri hilo yote ni ya mwandishi. Aliyaandika kwa mkono wake, na kila neno limebeba Novemba ambayo haikupimwa. Sasa sehemu yake ni ipi, na ya mwenziwe iko wapi?

Watu wa Machakos walikwisha kukutana na swali hili katika udongo kabla halijafika katika karatasi. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilitajwa na serikali ya kikoloni kuwa mfano mbaya wa ardhi iliyoliwa na maji. Dawa iliyokuja kushinda nyingine ni matuta, na hasa yale yanayoitwa fanya juu: mtaro huchimbwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu, nao kwa kupita miaka hujisawazisha ukawa ngazi. Sasa matuta yana tabia moja. Maji hayatafuti mahali palipojengwa vizuri. Hutafuta mahali dhaifu pamoja, hupenya hapo, na yakiisha kupenya hushuka kwa nguvu juu ya tuta la pili, ambalo pengine lilijengwa na mtu mwangalifu sana. Shamba la chini hubomolewa na uzembe wa shamba la juu. Sidhani kama mwenye shamba la chini angefarijika kuambiwa kwamba kila mtu anajibu kwa sehemu yake.

Kazi hiyo ya matuta ilifanywa na wengi pamoja. Wakamba tangu zamani walikuwa na mwethya, majirani waitwao na mwenzao kwa kazi kubwa asiyoiweza peke yake. Serikali ilipowalazimisha watu kuchimba, walichimba kwa chuki. Katika miaka ya 1950, vikundi vya mfano wa mwethya vilivyojichagulia viongozi, na wengi wao wakiwa wanawake, vilifanya kazi kwa moyo mwingine. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kuwa tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na juu ya hayo ardhi ilihifadhiwa vizuri kuliko kwanza. Wanazuoni wengine walibishana nacho, kama ilivyo ada. Ninalotaka ulione ni kwamba waliokipinga hawakuuliza ni nani kati ya watatu aliyeandika ukurasa gani. Walikipinga kitabu.

Kuna upande mwingine wa shauri, nao una nguvu zaidi, kwa maana unatoka katika moyo. Mpimaji ni rafiki. Huenda nyumbani kwao ng'ombe aliuzwa kwa ajili ya karo yake. Wameshiriki mkate, blanketi na hofu ya mtihani. Kumwacha katika siku nne za mwisho si jambo la mtu mwema, wala simsifu mtu ambaye uadilifu wake humwamsha mbio kwenda kumshtaki mwenziwe. Methali hazitusaidii sana hapa. Moja husema kidole kimoja hakivunji chawa. Nyingine husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila mmoja huchukua ile inayompendeza.

Lakini tuulize rafiki anaweza kutoa nini. Anaweza kutoa usingizi wake, pesa yake, chakula chake na siku zake nne. Hivi vyote ni mali yake, na akivitoa anastahili sifa. Sahihi si mali yake kwa namna hiyo. Ni dhamana, na dhamana huwekwa kwa ajili ya mtu wa tatu: mwalimu, mkulima, mwanafunzi wa miaka kumi baadaye atakayeianza kazi yake mahali hawa walipoikomesha. Mtu hawezi kumfanyia rafiki ukarimu kwa kitu alichowekewa amana na mwingine. Ukarimu wa namna hiyo una jina lake, na jina hilo halipendezi.

Nakiri kwamba ulimwengu haugawi lawama na sifa kwa mizani ya duka. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwapunguzia Wakamba mifugo yao kwa nguvu, maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumtaka gavana awasikilize. Waliokwenda ni maelfu. Aliyekamatwa na kupelekwa Lamu ni mmoja, Muindi Mbingu. Baadaye serikali iliacha kuwalazimisha watu, na faida ikawa ya wote. Tena mwaka 1967, huko Cambridge, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa udaktari, aliona katika karatasi za chombo alichosaidia kukijenga ishara za redio zilizorudi kwa vipindi sawasawa. Zilitoka katika nyota za namna ambayo haikujulikana bado. Habari hiyo aliiweka katika nyongeza ya tasnifu yake. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilitolewa kwa mwalimu wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Mtu anayengoja mpaka sifa zigawanywe kwa haki ndipo awe mkweli atangoja sana.

Walakini ukweli juu ya nani alifanya nini unawezekana, nao ulifanyika karibu nasi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenziwe yaliyotiwa yakiwa baridi. Aliuliza akachekwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena. Mwisho alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza shuleni. Naye hakucheka, alirudi akaamuru jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 walichapisha makala moja yenye majina mawili. Ndani yake Mpemba anasimulia yaliyompata kwa kauli yake mwenyewe, na Osborne anaeleza majaribio kwa kauli yake. Mpaka leo wataalamu hawajapatana kama jambo lenyewe ni kweli daima. Uchunguzi wa mwaka 2016 haukupata ushahidi wake. Hata hivyo hapana anayeweza kuwalaumu wawili hao kwa hila. Msomaji anajua nani aliona nini. (Fundi aliyefanya majaribio ya kwanza hakutiwa miongoni mwa waandishi, nami huona kwamba alistahili.)

Turudi chumbani. Siku zimebaki tatu. Njia iliyo wazi kwa vijana wetu ni kuliacha jedwali na mistari miwili mitupu, kuukata mstari wa mchoro mahali pa Novemba, na kueleza kwa maneno kuwa mvua ya majuma hayo haikupimwa. Watapoteza maksi. Pengine watarudishwa kupima vuli ya pili, na karo ya ng'ombe haitarudi.

Lakini wakisha kukubaliana hayo, limebaki neno moja ambalo huenda likawazuia saa nzima, nalo ni kiambishi. Waandike “mpimaji hakupima” ama “hatukupima”? La kwanza ni kweli kabisa kwa habari ya miguu: mmoja tu ndiye aliyepaswa kwenda shambani, na mmoja tu ndiye ambaye hakwenda. Mwandishi ana haki ya kulitaka liandikwe, na kama mwalimu atauliza ana kwa ana, mpimaji anapaswa kujibu kwa kinywa chake, asingoje kusemewa. Katika kitabu, hata hivyo, mimi ningeandika “hatukupima,” wala nisione kwamba nimemdhulumu mwandishi. Daftari lilikuwa chumbani humo humo, juu ya meza wanayolia chakula. Vuli ilinyesha juu ya paa la wote wawili. Novemba nzima ilipita, na Desemba ikaingia, naye hakulifungua.