Pima Kwanza, Wanangu

Wanangu mafundi wa Korogwe na Handeni, nyinyi mnaoshinda chini ya magari stendi, Segera, Kabuku na Mkata, nisikilizeni. Magoti yangu yamechoka na waya mwembamba siuoni tena bila miwani, lakini jambo hili limenichosha kuliko uzee. Gari likifika halina umeme, neno la kwanza linalowatoka ni "betri imekufa." Mwenye gari anauza magunia ya mahindi, ananunua betri. Haupiti muda, nayo imelala. Mnamwambia oltaneta. Akishanunua oltaneta, mnamwambia stata. Huko si kutengeneza gari. Ni kubahatisha kwa fedha ya mwenzenu.

Magari yetu ni ya umri. Land Rover na Fuso zinazobeba mahindi na machungwa huku kwetu zimepita mikono mingi, na kila fundi ameacha kiraka chake cha waya. Gari la namna hiyo halina kompyuta ya kukuambia linaumwa wapi. Linataka mtu mwenye mita, testa na subira.

Shikeni hili kwanza. Betri ni ghala, oltaneta ndiyo shamba, na waya ni njia ya kutoka shambani hadi ghalani. Ukikuta ghala tupu, huendi kununua ghala jipya. Unauliza kama shamba linazaa, kama njia inapitika, na kama usiku hakuna anayeiba.

Basi anzeni asubuhi, gari likiwa limelala na halijawashwa. Wekeni mita kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu. Ikiwa chini ya 12 imekwisha. Ichajini kwanza ndipo muihukumu. Kwa lori la volti 24 zidisheni mara mbili, na pimeni kila betri peke yake, maana moja mbovu humuua mwenzake.

Kisha washeni injini, mkanyage mafuta kidogo. Mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, shamba linazaa. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, chaji haiingii. Ikipita 15, regulata imeharibika na betri inachemka. Mtasikia harufu kama ya yai viza.

Hata hapo msikimbilie kufungua oltaneta. Shikeni feni belti muone kama imelegea au imeng'aa kwa kuteleza. Tazameni taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijawaka, lazima iwake. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha oltaneta hupitia kwenye balbu hiyo. Balbu ndogo ikiungua, oltaneta nzima inakaa kimya, na mtu anatozwa bei ya oltaneta kwa kosa la balbu.

Nawaambia nilichokiona juzi. Land Rover imetoka Sindeni na mzigo wa mahindi, stata inazunguka kwa kunung'unika, na mwenyewe alikwisha kuuziwa betri mpya na stata mpya. Nikamwambia kijana aweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mwenzake apige stata. Hapo panapaswa pasomeke karibu na sifuri, na isizidi nusu volti. Ilisoma zaidi ya mbili. Umeme ulikuwa unapotea njiani ukirudi kutoka kwenye stata. Tukaufuata waya wa arthi hadi ulipofungwa kwenye chesisi. Kwa juu boliti imekaza, imepakwa na rangi. Tulipoifungua, chini yake palikuwa na kutu na unga wa kijani, na tope lililokauka la masika kadhaa. Tukapiga msasa hadi chuma kikang'aa, tukafunga upya, tukapaka grisi juu. Stata ikazunguka kwa nguvu pale pale. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi wa kwanza hakuinama.

Na gari linalolala zima likaamka limekufa, msilibadilishie kitu. Zimeni kila kitu, fungeni milango, fungueni waya wa hasi, mweke testa kati ya waya huo na kichwa cha betri. Taa ikiwaka kwa nguvu, kuna mwizi. Chomoeni fyuzi moja moja hadi taa izime. Njia ya fyuzi hiyo ndiyo anayopita. Mara nyingi ni redio au taa iliyoungwa na mtu kwa haraka.

Yapo mambo nawasihi myaache. Acheni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kuijaribu" oltaneta. Volti huruka ghafla na kuchoma diodi na regulata. Acheni kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi iliyoungua inawaambia kuna hitilafu; mkiinyamazisha, kitakachoungua baadaye ni gari lenyewe, pengine na watu ndani. Acheni maji ya bomba na ya mtoni kwenye betri. Acheni kiberiti na sigara karibu na betri inayochaji, maana gesi inayotoka hulipuka.

Wenzetu wanaotunza ndege ndogo za zamani wana adabu ninayoitamani hapa. Injini ya Cessna ya zamani hupata cheche kutoka kwenye magneto zake yenyewe, kwa hiyo oltaneta ikifa angani injini haizimi. Rubani hupunguza redio na taa zisizo za lazima ili betri imfikishe kiwanjani. Lakini ndege ikishatua, fundi hairuhusu iruke tena kwa kukisia. Anapima, anatengeneza, anaandika kitabuni alichofanya, anatia saini jina lake. Huko juu hakuna kando ya barabara pa kusimama. Na basi lililozimika taa usiku kati ya Mkata na Handeni, likiwa na abiria, mnadhani hatari yake ni ndogo?

Fedha ya mtu ni amana, na roho yake ni amana kubwa zaidi. Mkulima hajui oltaneta wala diodi. Anachojua ni kukuamini wewe. Ukimuuzia asichohitaji kwa sababu ulikuwa mvivu wa kupima, umekula haki yake, hata kama hukukusudia kuiba.

Kwa hiyo kesho, gari la kwanza likifika, andikeni daftarini namba tatu: betri ikiwa imelala, stata ikizunguka, injini ikiunguruma. Mwonyesheni mwenye gari namba hizo kabla hamjamtajia bei yoyote. Fundi anayeweza kuonyesha alichopima hana haja ya kuapa. Mungu awape subira, na mikono yenu iwe na baraka.