Amana Iliyoishinda Milima

Mjini Kigali, asiye na kompyuta au asiyejua kuitumia huenda kwa wakala. Jukwaa la Irembo lilianza kazi mwaka 2015, na huduma nyingi za serikali zimehamia huko, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi nafasi ya mtihani wa leseni ya udereva. Kutoka Nyabugogo mpaka Nyamirambo hukosi kumwona mteja ameinama, anamtajia mwenye kompyuta nenosiri la baruapepe yake kwa sauti ya chini. Herufi zinageuka vidoti, akaunti inafunguka, na papo hapo kwenye kona ya juu ya skrini kinachomoza kidirisha cha kivinjari: je, nenosiri hili lihifadhiwe? Kidirisha kimeziba ukurasa, watu wanangoja, kidole kinabonyeza kukubali. Swali lilikuwa la mteja, akalijibu mtu mwingine. Naamini hapo amana imehama mikono bila mwenyewe kujua, na hilo ni jambo la dini kabla halijawa la ufundi.

Wapo wanaodhani kosa ni kuhifadhi kwenyewe. Siri, wanasema, mahali pake ni kifuani mwa mtu, na Rwanda ina ushahidi mzito wa kuwatetea. Abiru, walinzi wa siri za ufalme, walibeba kwa kichwa kanuni ndefu za siri hizo, yaani ubwiru, kila ukoo na fungu lake, waliojua zote wakiwa wachache. Julai 1959, mfalme Mutara III Rudahigwa alipozikwa huko Mwima, ni wao waliomtangaza mrithi wake, Kigeli V. Naiheshimu hoja hiyo, ila inasahau kwamba abiru walikuwa wengi na kazi hiyo ndiyo iliyowapa cheo chao. Mchuuzi wa soko la Kimironko hana ukoo wa kumkumbushia. Kichwa kilichoachiwa akaunti kumi peke yake hukimbilia nenosiri moja kwa zote, na siku likivuja mahali pamoja, milango yote iko wazi. Kwenye simu yake mwenyewe, yenye kufuli, kivinjari kinachomtunzia maneno marefu yasiyofanana kinamfaa kuliko kumbukumbu iliyochoka. Sioni dhambi hapo.

Lakini kutunza ni kitu kimoja, kubeba amana ni kingine. Aya ya 72 ya Surat Al-Ahzab katika Qurani inaeleza kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaiogopa na kukataa kuibeba, mwanadamu akaichukua. Katika nchi ya vilima kama hii, picha hiyo haihitaji kufafanuliwa. Kilima hushika mbegu uliyoifukia, lakini akija mwizi kuifukua hukisuti kilima. Kivinjari ni hivyo hivyo. Hulifumba nenosiri kwa hesabu ngumu, kisha humfumbulia yeyote aliyekalia kompyuta iliyofunguliwa na anayejua namba ya siri ya kompyuta hiyo, akalisoma herufi kwa herufi kwenye mipangilio. Hakijui nenosiri ni la nani. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo: Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walianza kutumia manenosiri mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa watu wengi walitumia mashine moja kwa pamoja, na mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, akitaka saa zaidi za kuitumia, akaiagiza ichapishe faili lote la manenosiri. Mashine ikatii. Aliyekuwa na uwezo wa kukataa ni mtu.

Nitaambiwa kwamba wakala anasaidia tu, mteja atarudi mwezi ujao akiwa amesahau, na kumtunzia ni ihsani. Haja hiyo ni ya kweli. Ila neno lenyewe, wakala, tumelipata kutoka fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, na huko mkono wa wakala ni mkono wa amana: kikimpotea kitu bila uzembe hatozwi, akivuka mipaka aliyowekewa dhamana inamwangukia. Aliyetumwa kuomba cheti hakutumwa kushika ufunguo. Wengine watasema kimya ni ridhaa. Kimya cha aliyeelewa swali, pengine. Mteja huyu hakukiona kidirisha, au alikiona katika lugha asiyoisoma. Sheria ya Rwanda namba 058/2021, ya tarehe 13 Oktoba 2021, kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, nayo inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa, kwa hiyo hapa mahakama na msikiti vinaelekea upande mmoja.

Linabaki swali gumu zaidi: mama anayesema mwenyewe, "Nitunzie, mwanangu, mimi nitasahau." Hapo ridhaa ipo, na wakala amekuwa mshika amana kamili. Basi aifunge kompyuta anapokwenda kula, kijana anayempokea zamu asikae kwenye akaunti ile ile, na mama akirudi kusema lifutwe, alifute mbele ya macho yake. Asiyeweza hayo afungue dirisha la faragha, ambalo likifungwa haliiachi akaunti wazi, na nenosiri liandikwe kwenye karatasi irudiyo mfukoni mwa mama. Anayeyaweza atageuza skrini kidogo na kuuliza, "Mama, inauliza kama ilitunze neno lako humu. Niitikie au nikatae?" Kisha angoje jibu, hata kama nyuma yake wamesimama watu saba.