Mizani Inayosomeka: Mtihani wa Taifa, Mzazi na Haki ya Kujua

Kila jamii inayowapima watu wake kwa kipimo kimoja hulazimika kujibu swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili tangu kale: ni kitu gani hasa kinachokifanya kipimo kiwe cha haki? Jibu la haraka husema kwamba kipimo huwa cha haki kinapokuwa sawa kwa wote. Jibu hilo ni la kweli, ila halijitoshelezi. Sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, huwakemea wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa, na sura ya 11 ya kitabu cha Mithali hufungua kwa kulaani mizani ya hila. Katika maandiko yote mawili anayedhulumiwa ni mtu asiyejua kilichotendeka, kwa kuwa udhalimu wa mizani hupata nafasi pale ambapo anayepimiwa hana uwezo wa kusoma alichopimiwa. Kwa hiyo haki ya kipimo husimama juu ya miguu miwili, usawa na uwazi, na insha hii inatetea hoja kwamba katika mitihani ya taifa ya shule za umma nchini Tanzania mguu wa pili ndio uliosahauliwa zaidi. Kumweleza mzazi maana ya mtihani ni sehemu ya haki ya mtihani wenyewe, na kosa ni kuyahesabu maelezo hayo kuwa hisani inayotolewa mwalimu mkuu apatapo nafasi.

Mfano ulio karibu na kaya nyingi ni Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaofanywa kila mwaka mwezi Septemba na kusimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973. Huu ni mtihani sanifu, yaani mtihani ambao watahiniwa wote wa nchi hupewa maswali yale yale, kwa muda ule ule, na majibu yao husahihishwa kwa kanuni zile zile. Katika mfumo uliozoeleka wa masomo sita, kila somo lina alama 50, na jumla ya alama zote ni 300. Hata hivyo, mzazi anayefungua matokeo hazioni alama hizo. Anachokiona ni mstari mmoja wenye namba ya mtahiniwa, jina, jinsia, herufi moja kwa kila somo, na mwishoni herufi ya wastani wa daraja. Mstari huo mfupi ndio hubeba furaha au kilio cha nyumba nzima.

Herufi hizo zina mipaka, na mipaka hiyo ina matokeo ambayo hayaonekani kwa macho. Katika kila somo, daraja A huanzia alama 41, B alama 31, C alama 21, D alama 11, na chini ya hapo ni E. Mtoto aliyepata alama 20 za Hisabati huandikiwa D, na mwenzake aliyepata 21 huandikiwa C, ingawa kinachowatenganisha ni alama moja tu. Kinyume chake, mwenye 21 na mwenye 30 wote huandikiwa C, ingawa kati yao kuna pengo la alama tisa. Herufi, kwa hiyo, hukuza tofauti ndogo iliyo mpakani na kuficha tofauti kubwa iliyo ndani ya daraja moja. Hilo halina hila yoyote, kwa kuwa kila upangaji wa madaraja hufanya hivyo. Lakini mzazi asiyelijua anaweza kumwadhibu mtoto mmoja na kumpongeza mwingine kwa tofauti ambayo mpimaji mwenyewe asingethubutu kuiapia.

Mpimaji asingethubutu kwa sababu kila kipimo kina kosa lake. Wataalamu wa upimaji hutumia neno uthabiti kueleza kiasi ambacho mtihani ungetoa matokeo yale yale endapo ungerudiwa katika hali ile ile, na hukubaliana kwamba hakuna mtihani wenye uthabiti kamili. Mtoto aliyeamka na homa, aliyekisia vizuri katika maswali ya kuchagua, au aliyekutana na swali la mada aliyoisoma jana yake, angepata alama tofauti kidogo juma lililofuata. Alama ni makadirio yenye upana, hata inapoandikwa kama namba moja kavu. Aristotle, katika mafundisho yake ya maadili, alisisitiza kwamba ni dalili ya elimu kutodai uhakika unaozidi ule ambao jambo lenyewe linaweza kuutoa. Kwa kigezo hicho, mzazi anayeisoma alama kama makadirio ameelimika katika jambo hili kuliko ofisa anayeisoma kama hukumu.

Sambamba na uthabiti kuna uhalali wa mtihani, yaani kiasi ambacho mtihani hupima kile hasa unachodai kupima. Hapa suala la lugha haliepukiki. Katika shule za msingi za umma mtoto hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, isipokuwa katika somo la Kiingereza. Akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na baada ya miaka miwili hufanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili katika lugha hiyo. Karatasi ya Biolojia inayoandikwa kwa Kiingereza kwa mtoto wa namna hiyo hupima mambo mawili kwa pamoja, ujuzi wa viumbe hai na ujuzi wa lugha, na alama inayotoka haisemi ni lipi kati ya hayo mawili lililomwangusha. Mzazi anayefahamu hivyo hatauliza tu kwa nini mwanawe ameshindwa sayansi, bali atataka kujua iwapo mtoto huyo angeweza kueleza usanisinuru kwa Kiswahili bila kukwama. Na jibu la swali hilo huonyesha kama msaada unaohitajika ni wa sayansi au wa lugha.

Tukio lililofundisha zaidi kuhusu maana ya alama ni lile la mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri, jambo lililozua taharuki nchi nzima; Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume ya kuchunguza, na Mei mwaka huo huo serikali ikaamuru matokeo yale yafutwe na yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Kiini cha mgogoro kilikuwa usanifishaji, yaani hatua ya kurekebisha alama ghafi kwa kanuni iliyokubaliwa kabla ya kuzipanga katika madaraja. Matokeo mapya yalipotoka, maelfu ya vijana walikuwa wamepanda kutoka kushindwa hadi kufaulu, ilhali hakuna hata mmoja aliyeandika jibu jipya. Karatasi zilikuwa zile zile, vijana walikuwa wale wale, na walichokijua hakikuongezeka. Kilichobadilika ni makubaliano ya watu wazima juu ya namna ya kusoma karatasi hizo.

Hitimisho la kifalsafa linalotokana na tukio hilo linahitaji uangalifu. Haifuati kwamba alama ni uongo, kwa maana majibu yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli na upungufu mwingi ulioonekana ulikuwepo darasani. Kinachofuata ni kwamba kufaulu na kushindwa si sifa zilizomo ndani ya mtoto kama urefu wake ulivyo. Ni uhusiano kati ya alichokiandika na mpaka uliowekwa na watu wenye mamlaka kwa sababu ambazo zinaweza kuelezwa, kuhojiwa na hata kubadilishwa. Kwa kuwa mpaka ni tendo la hiari ya binadamu, aliyeuweka anawiwa maelezo na wale wanaoishi chini yake.

Watetezi wa mitihani ya taifa wana hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Msahihishaji huona namba ya mtahiniwa, haoni jina wala kabila wala kazi ya baba yake, na kwa sababu hiyo mtoto wa mkulima wa Kigoma anaweza kumshinda mtoto wa mkubwa wa Dar es Salaam bila kumjua mtu yeyote ofisini. Mtihani usiojali jina ni kinga ya mnyonge dhidi ya upendeleo, na nchi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa na nafasi chache za sekondari isingeweza kuzigawa kwa amani bila kinga ya aina hiyo. Lakini hoja hii huthibitisha mguu wa usawa peke yake. Maswali yanaweza kuwa sawa kwa wote huku darasa moja likiwa na mwalimu wa Hisabati na jingine likikosa. Na hapo alama huwa habari juu ya shule kama ilivyo habari juu ya mtoto, na mzazi ana haki ya kuzisoma habari zote mbili.

Wasiwasi juu ya uzito unaopewa mtihani si mgeni. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alikosoa mfumo ulioruhusu mtihani uamue kinachofundishwa, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe na kazi za mwanafunzi zihesabiwe. Kutoka hapo ulianza utaratibu wa upimaji endelevu, yaani alama zinazokusanywa kwa mazoezi, majaribio na kazi za mradi katika kipindi chote cha masomo. Nchini Marekani, katika muongo huo huo, mwanasaikolojia Donald Campbell alifikia wazo linalofanana: kadiri kiashiria cha takwimu kinavyotumiwa zaidi kufanya maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kuharibiwa na wale wanaoamuliwa nacho. Dalili zake zinajulikana katika shule nyingi, kuanzia mazoezi ya maswali ya zamani yanayochukua nafasi ya kufundisha hadi udanganyifu unaolilazimisha Baraza kufuta matokeo ya vituo vizima. Uamuzi wa Baraza wa Januari 2023 wa kuacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora ulikiri jambo hilo kwa vitendo.

Katika yote hayo kuna hatari ya kimaadili iliyo kubwa kuliko ya kitakwimu, nayo ni kuchanganya alama na thamani ya mtu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alitenganisha vitu vyenye bei, ambavyo vinaweza kubadilishwa kwa vingine vya kiasi kile kile, na utu, ambao hauna bei kwa kuwa hauna mbadala. Alama iko upande wa bei, kwani watoto wawili wenye alama 150 ni sawa kabisa mbele ya orodha ya kuchaguliwa. Mzazi hawezi kukubali usawa wa namna hiyo, wala hapaswi, kwa sababu kwake mtoto hana mbadala. Dini nazo humweka mtoto katika fungu hilo hilo zinapomwita amana: mzazi ataulizwa namna alivyomtunza, na mstari wa herufi hauwezi kujibu swali hilo kwa niaba yake.

Kutokana na hayo, kazi ya shule katika kikao cha wazazi haiishii kusoma orodha ya waliofaulu. Wajibu wake ni kumwezesha mzazi kuuliza maswali matatu juu ya kila alama: imepima nini, imelinganishwa na nini, na itatumika kuamua nini. Swali la pili hutaka maelezo zaidi, kwa sababu kipimo kinachomlinganisha mtoto na kiwango cha umahiri humwambia mzazi kile mwanawe anachoweza kufanya, ilhali kipimo kinachomlinganisha na wenzake humwambia tu wangapi wako mbele yake. Na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi umetumiwa kwa kazi zote mbili, kwa kuwa herufi hupangwa kwa kiwango, lakini nafasi za shule za bweni zenye ufaulu wa juu hugawiwa kwa ushindani.

Huenda ikapingwa kwamba mzazi ambaye hakusoma hawezi kuelewa mambo ya usanifishaji na uthabiti, na kwamba maelezo mengi yatampa visingizio vya uvivu wa mwanawe. Pingamizi la kwanza halina uzito, kwani mkulima anayejua kwamba debe la mnunuzi limejazwa kwa kilemba ameshaelewa msingi wa somo zima. Anachokosa ni istilahi tu, na istilahi huelezwa. La pili lina ukweli kiasi, lakini dawa yake ni maelezo kamili, kwa maana mzazi anayejua kwamba D ya mwanawe ilikuwa karibu na C anajua pia kwamba juhudi ndogo ingetosha, na kisingizio hupungua.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na hivyo inauondolea mtihani wa msingi sababu yake kongwe ya kuchuja watoto kwa uhaba wa nafasi. Kipimo kisicholazimika tena kuwatenga watoto kinaweza kuwa ushahidi wa kuwasaidia, ila ushahidi haumsaidii asiyeweza kuusoma, na mabadiliko ya sera hayatamfundisha mzazi kusoma matokeo kama shule haitaichukua kazi hiyo. Baraza linapotimiza usawa limetimiza nusu ya haki. Nusu iliyobaki hutimizwa pale mzazi wa shule ya umma anapoweza kuushika mstari wa matokeo ya mwanawe, akasema unathibitisha nini na hauthibitishi nini, na akajibiwa anapohoji.