Uhai Usiorudi

Mtu akaaye Busasamana, wilayani Rubavu, ambako vilele vya Virunga hudhihiri kila mawingu yafungukapo, akiushika kwa mara ya kwanza mchezo wa Donkey Kong Country, uliotengenezwa na kampuni ya Rare na kutolewa mwaka 1994 kwa mashine ya Nintendo, hana budi kuingiwa na taamuli hii: je, uhai uwezao kurudishwa ni uhai? Picha zake zapendeza mno. Gorila aliyevaa tai shingoni huruka mashimo, huokota ndizi, na zitimiapo 100 huongezewa uhai mwingine, hata mauti kwake yakawa ni kucheleweshwa tu.

Lakini gorila halisi wa milimani, alaye mianzi michanga na majani ya porini, huzaa mtoto mmoja baada ya kiasi cha miaka minne. Na dume mmoja wao aitwaye Digit, aliyeuawa na majangili tarehe 31 Desemba 1977 akiwahami jamaa zake, hakurejea. Tangu 2005 watoto wa gorila hao hupewa majina hadharani katika sherehe ya Kwita Izina, nami naiona desturi hiyo kuwa ni ibada ya shukrani kwa Muumba.

Hata hivyo siudharau mchezo. Mchezaji mgeni, gorila wake atumbukiapo shimoni, moyo humshtuka, ilhali ajua fika kwamba atarudi. Na mshtuko huo, ambao mazoea huufifisha upesi, naitakidi kuwa ni rehema ya kweli, iliyotiwa katika fitra ya mwanadamu kabla hajajifunza kuhesabu.