Chai Niliyoikataa

Kwa shosho, Githunguri, nilikunywa vikombe viwili vya chai bila wasiwasi. Gesi ilitoka kwa mavi ya ng'ombe wake wawili. Kila asubuhi anayachanganya na maji, kiasi sawa kwa sawa, kisha anayamimina kwenye tangi lililofukiwa ardhini. Humo hamna hewa. Bakteria wanaoishi bila oksijeni wanayamega polepole, methani inapanda juu na kufuata paipu hadi jikoni. Unawasha kiberiti, moto wa buluu unashika. Nilimpiga picha nikaiposti: shosho wa kisasa.

Wiki chache baadaye rafiki yangu alinipeleka Kibera, kwenye mojawapo ya vile vyoo vya umma vilivyojengwa na vikundi vya wakazi pamoja na shirika la Umande Trust. Kuna vyoo na bafu, tangi liko chini ya ardhi, na gesi inapikia. Mama mmoja alitukaribisha chai. Nikauliza gesi inatoka wapi, na nilijua vizuri sana. Halafu nikaweka kikombe chini, nikasema nimeshiba.

"Haya, mwanangu," alisema. Akakichukua, akainywa yeye.

Kwenye matatu nikajiuliza: nimekataa nini hasa? Methani ni kaboni 1 na haidrojeni 4, iwe imetoka kwa ng'ombe au kwa binadamu. Ikishaungua inabaki kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Hakuna kilichoingia kwenye sufuria. Kumbe sikukataa chai, nilimkataa mama.

Kinyaa si kitu kibaya. Kimetuepusha na kipindupindu mara nyingi. Shida ni kwamba kinaongea kwa sauti inayofanana na ya dhamiri, na hakijui kupima. Kabla ya bayogesi, shosho alipika kwa kuni miaka mingi. Moshi ule ulimla macho na kifua, nasi tukitoka Nairobi tulisema unanukia nyumbani. Hakuna aliyeona kinyaa.

Na mimi je? Mimi navuta maji, basi. Maji taka mengi ya Nairobi huishia kwenye mabwawa ya Ruai, mbali na pua yangu. Uchafu ukioza bila hewa hutoa methani, na methani ikiachiliwa angani hupasha dunia joto kuliko kaboni dayoksaidi. Mama wa Kibera anaichoma, anapata uji na chai. Kati yetu wawili, nani mchafu? Usafi wangu, nikiuangalia vizuri, ni umbali tu.

Sisemi watu wa Kibera waridhike na choo cha kulipia. Kila nyumba inastahili choo chake na bomba la maji taka, na gesi isiwe kisingizio cha kuwanyima. Lakini haki hiyo siwezi kuidai kwa niaba ya mtu ambaye siwezi kupokea kikombe mkononi mwake.

Nitarudi. Sitakunywa ili nionekane sina maringo, wala sitapiga picha. Nitakunywa kwa sababu ni chai, na nimekaribishwa.