Alichomnong'oneza John Wayne

Mwishoni mwa The Quiet Man, filamu ya John Ford ya 1952, Maureen O'Hara na John Wayne wamesimama nje wakitupungia mkono. O'Hara anamsogelea Wayne sikioni, anamnong'oneza kitu. Wayne anashtuka, uso wote unabadilika, halafu wanakimbilia nyumbani. Hatusikii neno hata moja.

Maneno yenyewe yalitoka kwa Ford. O'Hara alisimulia baadaye kwamba mwanzo alikataa: kumwambia Wayne kitu kama hicho, hapana. Ford akakazana, maana alitaka Wayne ashtuke kikweli. Basi akakubali kwa sharti moja: wasijue wengine zaidi ya wao watatu. Ford akafa 1973, Wayne 1979. O'Hara akaishi na siri hiyo peke yake miaka mingine 36, mpaka alipofariki 2015 akiwa na miaka 95. Waliuliza, wakauliza. Wapi!

Sasa, ahadi uliyompa mtu ambaye ameshakufa, unadaiwa na nani?

Jibu la haraka ni uaminifu. Lakini hapo tunagonga mwamba, manake huyu mama hakuwa wa kumfichia Ford mambo. Katika kitabu cha maisha yake cha 2004 aliandika kwamba Ford aliwahi kumpiga ngumi usoni. Akaandika pia kwamba alimkuta ofisini akibusiana na mwigizaji maarufu wa kiume. La ngumi alikuwa na haki ya kulisema. Liliuma shavu lake. La busu, kwa maoni yangu, halikuwa lake, na Ford hakuwepo kujibu. Kwa hivyo tusimfanye malaika.

Nadhani tofauti iko kwenye lile sharti. Ngumi ilimkuta tu. Mnong'ono aliuwekea masharti yeye mwenyewe, kabla kamera haijawashwa, na hiyo haikuwa kawaida kwake. Hata jina lake alichaguliwa: alizaliwa Dublin 1920 akiitwa FitzSimons, Charles Laughton akaona jina ni refu mno kwa mabango, akawa O'Hara. Mwaka 1945 alilalamika hadharani kwamba kwa kuwa hakubali maprodyusa na waelekezi wambusu na kumpapasa, wanasambaza ati yeye ni baridi kama sanamu ya marumaru. Mtu anayeishi hivyo akipata kitu kimoja cha kuamua, si atakikumbatia?

Utaniambia wote wamekufa, nani ataumia? Sawa, lakini kama ahadi ni ya kuzuia maumivu tu, basi kila mazishi yangekuwa ruhusa ya kuropokwa. Wayne aliyapokea maneno yale akijua yanaishia sikioni mwake. Kufa hakukumfanya akubali vingine.

Nimewahi kuipunguza kasi ile sehemu nisome midomo. Sikuambulia kitu. Nikairudisha kasi ya kawaida, na Wayne akashtuka vilevile.