Mtoto Katikati

Somo: Marko 9:33–37



Walipofika nyumbani Kapernaumu, Yesu aliwauliza wanafunzi wake walikuwa wakibishania nini njiani. Wakanyamaza, maana walikuwa wakibishania ukubwa. Ndipo akamtwaa mtoto mdogo, akamweka katikati yao, akamkumbatia, akawafundisha kwamba ampokeaye mtoto wa namna hiyo humpokea yeye mwenyewe.

Shule zetu za kanisa zinapoketi kupanga muhula, ubishi ule wa njiani huingia nasi kikaoni. Tunaulizana: daraja la kwanza watakuwa wangapi? Mwaka huu tutaipita shule ipi? Mchujo huzaliwa hapo. Asiyefikisha wastani anakaririshwa darasa, au mzazi wake anaitwa na kuambiwa amtafutie shule nyingine. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Orodha imeondoka, lakini kiu yake bado tunayo.

Njia nyingine tunaiona kwa Padre Lorenzo Milani, aliyepelekwa mwaka 1954 katika parokia ndogo ya milimani, Barbiana, nchini Italia. Akaanzisha shule kwa watoto wa wakulima, wakiwemo walioshindwa kwingine. Pale somo halikusonga mbele mpaka aliye nyuma ameelewa, na walioelewa upesi waliwafundisha wenzao. Mwaka 1967 wanafunzi wake walitoa kitabu walichokiandika kwa pamoja, wakiwatetea watoto walioachwa na shule. Kilisomwa kote Italia.

Kazi hiyo ya kumngoja aliye nyuma haifai kuachiwa mwalimu mmoja mwenye huruma. Mtaaluma anapokagua azimio la kazi, aulize watoto wamefika wapi kabla ya kuuliza mada zimefika wapi. Ratiba iwe na saa ya yule ambaye bado hajajua kusoma vizuri. Mpishi anajua nani hali; mlinzi anajua nani hufika amechoka kwa mwendo mrefu; mlezi wa bweni anajua nani hulia usiku. Nao waitwe kikaoni. Na mwanafunzi mwenyewe aulizwe kinachomkwamisha, kisha asikilizwe bila kukatizwa.

Wazazi wanataka matokeo mazuri, na ni haki yao. Lakini ufaulu unaopatikana kwa kumwondoa aliye dhaifu haumfundishi mtu yeyote kitu, hata yule aliyebaki.

Wiki hii nawaomba wakuu wa shule, walimu na wajumbe wa bodi: fungueni kikao kwa kumtaja mwanafunzi mmoja anayepata shida kuliko wote. Msiulize atafanya nini ili aifae shule. Ulizeni shule itabadilisha nini kwa ajili yake, mkubaliane nani atafanya na lini.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemkumbatia mtoto mbele ya wakubwa, utuondolee tamaa ya kusifiwa, utupe subira ya kumngoja aliye nyuma. Amina.